Ikama ya Ukaguzi wa Ndani na Ada ya Mkaguzi wa Nje: Namna ya Kupanga Watu, Saa na Makubaliano

Ankara ya mkaguzi wa nje inapofika mbele ya kamati ya ukaguzi, karibu kila mara mjumbe mmoja huuliza: ikiwa tunao wakaguzi wetu wa ndani, na mishahara yao tunailipa mwaka mzima, kwa nini bado tunadaiwa kiasi hiki? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la kina kuliko lile linalotolewa mara nyingi, kwamba ukaguzi wa ndani na ukaguzi wa nje ni vitu viwili tofauti. Taasisi inaweza kuongeza watumishi watatu katika kitengo chake cha ukaguzi wa ndani na ada ya nje isishuke hata kidogo, na nyingine yenye wakaguzi wachache ikapata nafuu ya maana. Mkaguzi wa nje hupunguza saa zake pale tu anapokuta kazi mahususi iliyofanywa na mtu anayeaminika, katika eneo analolihitaji, kwa kipindi anachokikagua, na yenye vithibitisho ambavyo yeye mwenyewe anaweza kuvirudia na kufikia matokeo yaleyale. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa fedha, wakuu wa vitengo vya ukaguzi wa ndani na wajumbe wa kamati za ukaguzi wanaotaka kupanga ikama yao ili hali hiyo ipatikane.

Omba mchanganuo wa saa kabla ya jambo lolote

Ada ya ukaguzi wa nje kimsingi ni saa za kazi zikizidishwa kwa viwango vya malipo vya ngazi mbalimbali za wakaguzi, pamoja na nyongeza inayotokana na hatari ambayo kampuni ya ukaguzi inaona inaibeba kwa kutia saini hesabu zako. Tangu Dan Simunic alipochapisha utafiti wake kuhusu bei za huduma za ukaguzi mwaka 1980, watafiti wamekuwa wakirejea mambo yaleyale: ukubwa wa mteja, ugumu wa shughuli zake, na hatari anayoibeba mkaguzi. Mambo mawili ya kwanza hayabadilishwi na mkaguzi wa ndani yeyote, hata awe hodari kiasi gani. Ukiwa na kampuni tanzu nyingi na sarafu kadhaa, utalipia ugumu huo. Anayeahidi kwamba kitengo kizuri cha ndani kitakata nusu ya ada anaahidi jambo asiloweza kulitimiza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwandikia mkaguzi wa nje na kumwomba mchanganuo wa saa za mwaka uliopita, kwa eneo na kwa ngazi: saa ngapi zilitumika katika mapato, manunuzi na malipo, mishahara, mali za kudumu, bidhaa ghalani, mifumo ya kompyuta, makadirio ya kihasibu na mapitio ya mwisho, na katika kila eneo, ni ngapi zilikuwa za wakaguzi wa ngazi ya chini, za wakaguzi waandamizi, za meneja na za mshirika anayetia saini. Kampuni nyingine husita kutoa maelezo hayo mkataba ukiwa tayari umeanza, ndiyo maana ni busara kuyaweka kama sharti katika zabuni au katika barua ya makubaliano ya ukaguzi. Bila mchanganuo huo, mazungumzo yote yatakayofuata kuhusu punguzo yatakuwa ya kukisia.

Ukishaupata, pitia eneo baada ya eneo na ujiulize ni wapi kazi ni ya kupima utaratibu unaojirudia, na ni wapi kazi ni ya kutoa uamuzi mgumu. Upimaji wa idhini za malipo, usuluhisho wa hesabu za benki, kuhudhuria uhesabuji wa bidhaa ghalani, kulinganisha orodha ya mishahara na majalada ya watumishi: hizi ni kazi ambazo wakaguzi wa ndani wanaweza kuchangia kwa kiasi kikubwa. Thamani ya mikopo yenye shaka, uwezo wa taasisi kuendelea na shughuli zake na maeneo yenye dalili za udanganyifu hubaki mikononi mwa mkaguzi wa nje, na saa zake hazitahama.

Kanuni zinavyoweka mipaka

Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 610 ndicho kinachomwongoza mkaguzi wa nje katika nchi nyingi anapotaka kutumia kazi ya wakaguzi wa ndani. Kinamtaka apime mambo matatu kabla ya kuitegemea kazi hiyo: kama nafasi ya kitengo katika muundo wa taasisi, pamoja na sera zake, inalinda uhuru wa mawazo wa wakaguzi, kama watumishi wake wana ujuzi wa kutosha, na kama kitengo kinafanya kazi kwa utaratibu wenye nidhamu, ukiwemo udhibiti wa ubora. Kimojawapo kikikosekana, hairuhusiwi kuitumia kazi hiyo. Na hata vyote vitatu vikiwapo, kiwango kinamtaka aitumie kidogo zaidi kadiri kazi inavyohitaji uamuzi mwingi, kadiri hatari ya kosa kubwa katika hesabu inavyopanda, na kadiri ujuzi au uhuru wa kitengo unavyopungua. Sehemu ya kazi hiyo lazima airudie mwenyewe, na wajibu wa maoni ya ukaguzi unabaki wake peke yake.

Ukiyatazama mambo hayo matatu utaona kwamba yote ni mambo ya watumishi: nani ameajiriwa, anaripoti kwa nani, na nani anakagua kazi yake. Idadi haitajwi kama kigezo kinachojitegemea, ingawa ina uzito wake, kwani kitengo kilichozidiwa na kazi hakiwezi kuonyesha utaratibu wenye nidhamu.

Nchini Marekani historia ya kanuni hizi inaonyesha jinsi zinavyogusa gharama. Sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 ilipoleta ukaguzi wa udhibiti wa ndani kwa kampuni zilizoorodheshwa, kiwango cha kwanza kilichotolewa mwaka 2004 na PCAOB, bodi inayosimamia wakaguzi wa kampuni hizo, kilimtaka mkaguzi wa nje apate sehemu kuu ya ushahidi kwa kazi yake mwenyewe. Baada ya malalamiko mengi ya gharama, kiwango hicho kilibadilishwa mwaka 2007 na kingine kilichopanua nafasi ya kutumia kazi za watu wengine, wakiwemo wakaguzi wa ndani, hasa pale ambapo hatari ni ndogo.

Kwa nini watumishi wengi wanaweza kuambatana na ada kubwa

Hapa ndipo kamati nyingi hukata tamaa mapema. Utafiti wa William Felix, Audrey Gramling na Mario Maletta uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kadiri mchango wa ukaguzi wa ndani katika ukaguzi wa hesabu unavyokuwa mkubwa, ndivyo ada ya nje inavyokuwa ndogo. Miaka mitano baadaye, Jenny Goodwin-Stewart na Pamela Kent walipochunguza kampuni zilizoorodheshwa nchini Australia waliona kinyume chake, kwamba matumizi makubwa ya ukaguzi wa ndani huenda pamoja na ada kubwa ya nje. Matokeo hayo mawili hayagongani kama yanavyoonekana. Utafiti wa kwanza ulipima mchango halisi katika kazi ya mkaguzi wa nje. Wa pili ulitazama taasisi zinazoukuza ukaguzi wa ndani, na bodi inayotaka uhakika zaidi kuhusu mambo yake hununua uhakika huo kila mahali, ndani na nje.

Fundisho kwa anayepanga ikama ni kwamba asiweke ahadi ya punguzo kwenye maombi ya nafasi mpya za kazi. Aweke ahadi ya saa mahususi, katika maeneo mahususi, ambazo mkaguzi wa nje amekubali kwamba atazitegemea.

Piga hesabu kwa ngazi sahihi

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, lakini ndiyo inayokosewa mara nyingi kuliko nyingine. Tuseme kitengo cha ndani kimetumia saa 300 kupima udhibiti wa malipo na mishahara. Mkaguzi wa nje alikuwa akitumia saa 200 katika maeneo hayo, na sasa anatumia saa 40 tu, kusoma karatasi za kazi za kitengo na kurudia baadhi ya vipimo. Tuseme tena kwamba saa moja ya mkaguzi wa ndani inaigharimu taasisi shilingi moja ya kukadiria, na wastani wa saa ya mkaguzi wa nje ni shilingi tatu. Mkuu wa fedha atasema: zimeokolewa saa 160, ambazo ni shilingi 480, nami nimetumia 300, faida ni 180.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa kutazama ngazi. Saa 200 zilizoondoka zilikuwa za wakaguzi wa ngazi ya chini, ambao kiwango chao ni tuseme shilingi mbili, kwa hiyo kilichoondoka ni 400. Saa 40 za mapitio haziwezi kufanywa na mkaguzi mgeni katika kazi. Zinafanywa na mkaguzi mwandamizi kwa shilingi tatu, yaani 120. Ada imeshuka kwa 280, ilhali kazi ya ndani imegharimu 300. Ile faida ya 180 imegeuka kuwa hasara ya 20.

Je, kazi hiyo ilikuwa bure? Hapana, na jibu hili ndilo kiini cha kupanga ikama vizuri. Ikiwa upimaji wa malipo na mishahara ungefanywa hata hivyo, kwa sababu bodi yenyewe inahitaji kujua kama fedha zinatoka kwa utaratibu, basi zile saa 300 zilishalipwa kwa kusudi jingine, na 280 zote ni nafuu. Ikiwa zilitumika kwa ajili ya kumfurahisha mkaguzi wa nje tu, umehamisha gharama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na huenda umeacha vihatarishi vikubwa vya taasisi bila mtu wa kuvitazama. Tafuta basi maeneo ambayo mpango wa ukaguzi wa ndani na mpango wa mkaguzi wa nje vinakutana kwa asili, na uyapange vizuri zaidi. Nafasi mpya ya ajira isiyokuwa na sababu nyingine zaidi ya ada ya nje ni nadra kujilipa.

Kwa upande wa uwezo, mtumishi mmoja wa wiki 52 za saa 40 ana saa 2,080 kwenye karatasi. Ondoa likizo, sikukuu, mafunzo, mikutano na kazi za dharura anazoagizwa na bodi. Ukipanga kwa saa 1,500 hivi za ukaguzi halisi hutakuwa mbali na ukweli. Kitengo cha watu wanne kina basi saa 6,000, na ni sehemu tu ya hizo inayohusu taarifa za fedha. Andika idadi hiyo waziwazi katika mpango wa mwaka. Mkaguzi wa nje akiona saa 900 zimetengwa kwa udhibiti wa taarifa za fedha, majina ya watakaozifanya na miezi watakayozifanya, anacho kitu cha kupangia. Akiona orodha ya mada kumi na mbili isiyo na saa wala majina, hana.

Watu gani, na wakae muda gani

Mchanganyiko wa ujuzi una uzito kuliko wingi. Kitengo kinachotaka kazi yake itegemewe katika ukaguzi wa hesabu kinahitaji angalau mtu mmoja mwandamizi mwenye sifa za uhasibu zinazotambuliwa na uzoefu wa kukagua taarifa za fedha, ikiwezekana aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa nje, kwa sababu huyo anajua ushahidi unaotosha unafananaje. Kinahitaji mtu anayeelewa mifumo ya kompyuta, kwani udhibiti mwingi wa leo uko ndani ya programu, na mkaguzi wa nje hatakubali kipimo cha idhini za kielektroniki kilichofanywa na mtu asiyejua haki za kuingia katika mfumo zinavyogawiwa. Ikiwa mtaalamu huyo hapatikani kwa ajira ya kudumu, anaweza kukodishwa kwa wiki chache kila mwaka. Angalizo moja tu: kampuni inayokagua hesabu zako haifai kuwa ndiyo inayokupatia huduma hiyo. Sarbanes-Oxley inawakataza wakaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa Marekani kumfanyia mteja yuleyule ukaguzi wa ndani, na sehemu nyingine nyingi zina makatazo yanayokaribiana nayo.

Suala la muda wa kukaa kitengoni linahitaji uangalifu wa pekee. Taasisi nyingi hutumia ukaguzi wa ndani kama darasa la kuwaandaa mameneja: kijana hodari huletwa kitengoni kwa miaka miwili, huzunguka idara zote, kisha hupandishwa kwenda kuongoza mojawapo. Kwa maendeleo ya watumishi huo ni utaratibu mzuri. Kwa ada ya nje una bei yake. William Messier na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha kwamba kampuni zenye utaratibu huo hutozwa ada kubwa zaidi, na kwamba wakaguzi wa nje huwaona wakaguzi wa ndani wa aina hiyo kuwa na ujuzi uleule lakini uhuru mdogo wa mawazo. Sababu yake inaeleweka bila shida. Mtu anayetarajia kwamba mwakani atakuwa chini ya mkurugenzi wa manunuzi ana sababu ya kulegeza kalamu anapoandika hoja za ukaguzi dhidi ya idara ya manunuzi.

Huna haja ya kuufuta utaratibu huo. Gawa kitengo mara mbili: wachache wa kudumu, ambao njia yao ya kupanda cheo iko ndani ya ukaguzi wenyewe, wapewe kazi zote ambazo mkaguzi wa nje atazitegemea, wanaozunguka wapewe kaguzi za utendaji na miradi. Kwa wanaotoka idara nyingine kuja ukaguzi, zingatia viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, ambavyo toleo lake jipya lilianza kutumika tarehe 9 Januari 2025: mkaguzi asitoe uhakika kuhusu shughuli aliyokuwa na wajibu nayo katika miezi 12 iliyopita. Mhasibu wa mishahara aliyehamia ukaguzi mwezi wa tatu asipime mishahara mwaka huo. Weka jambo hili katika jedwali la ugawaji wa kazi, ili mkaguzi wa nje asilazimike kuligundua mwenyewe.

Kuhusu mstari wa kuripoti nitasema kwa ufupi, maana halina mjadala mkubwa: mkuu wa kitengo ateuliwe, apimwe, alipwe na, ikibidi, aondolewe kwa uamuzi wa kamati ya ukaguzi au bodi. Ambapo mkuu wa fedha ndiye anayepanga mshahara wake, mkaguzi wa nje ataweka kitengo kizima katika kundi la kutotegemewa kwenye masuala ya fedha, na ikama yote uliyoijenga haitakupunguzia saa hata moja.

Mtu wa kukagua kazi ya mwenzake

Udhaifu unaopoteza saa nyingi za kutegemewa ni kukosekana kwa mkaguzi mwandamizi anayepitia kazi ya aliyeko chini yake. Tazama kipimo kimoja cha kawaida. Mkaguzi wa ndani amechagua hati 25 za malipo. Karatasi yake ya kazi inasema kwamba hati 25 zilikaguliwa na hakuna tatizo lililobainika. Kwa mkaguzi wa nje, karatasi hiyo ni sawa na karatasi tupu, na atachagua hati zake 25 nyingine na kuanza upya, kwa gharama yako.

Karatasi inayotegemewa inaonyesha hati hizo zilichaguliwa kutoka orodha ipi, yenye malipo mangapi, na kwamba jumla ya orodha hiyo ililinganishwa na leja. Zilichaguliwa kwa njia gani. Namba, tarehe na kiasi cha kila hati. Kama kuna ankara, oda ya ununuzi na hati ya kupokelea mali, na kama vyote vitatu vinakubaliana. Nani aliidhinisha na kama kiwango chake cha idhini kilimruhusu. Na kwa kila hati iliyokuwa na kasoro, maelezo ya kasoro hiyo na kilichofuata. Chini yake kuna hitimisho, saini ya aliyefanya na tarehe, kisha saini ya aliyepitia na tarehe, pamoja na maswali aliyouliza na majibu aliyopewa. Maswali hayo yasifutwe baada ya kujibiwa. Kwa mkaguzi wa nje ndiyo ushahidi bora kuliko wote kwamba mapitio yalifanyika kweli, wala si saini iliyogongwa tu mwisho wa mwezi.

Kutokana na hilo, kitengo cha mtu mmoja kina shida ya msingi: hakuna wa kumpitia. Kama ikama yako inaruhusu watu wawili tu, ni afadhali mmoja awe mwandamizi na mwingine chipukizi kuliko kuwa na wawili wa ngazi moja wanaofanya kazi sambamba bila kutazamana. Na nafasi ya mwandamizi ikibaki wazi kwa miezi sita, usishangae saa za nje zikirudi palepale zilipokuwa. Mjulishe mkaguzi wa nje mapema, kabla hajaweka mpango wake akitegemea kazi isiyokuja, kwa sababu saa zinazoongezwa katikati ya ukaguzi hutozwa bila mazungumzo marefu.

Kazi ifanyike lini

Mkaguzi wa nje hupanga ukaguzi wake miezi kadhaa kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha, na mara nyingi huja mara mbili: awamu ya kati kupima udhibiti, na awamu ya mwisho kukagua mizania. Kazi ya ndani inayokamilika baada ya awamu ya kati haimsaidii katika upimaji wa udhibiti, hata iwe nzuri namna gani. Itisha kikao cha wakuu wa pande mbili kabla ya barua ya makubaliano kutiwa saini, na katika kikao hicho mkubaliane juu ya maeneo, ukubwa wa sampuli, kipindi kitakachopimwa, umbo la karatasi za kazi na tarehe ya kuzikabidhi. Ukubwa wa sampuli hasa usiachwe bila kuzungumzwa, kwa kuwa ukipima hati 15 naye alihitaji 25, atakamilisha 10 zilizobaki na muda wa kuanza na kumaliza ataulipisha.

Kumbuka pia kwamba upimaji wa Januari hadi Juni hauongelei Julai hadi Desemba. Tenga saa chache, kwa watu walewale waliofanya kazi ya kwanza, za kupima miezi iliyosalia. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayoifanya ile kubwa iliyotangulia itumike.

Wakaguzi wa ndani wanapowekwa chini ya mkaguzi wa nje

Njia ya pili ya kuchangia ni wakaguzi wa ndani kufanya vipimo wakiwa chini ya maelekezo na usimamizi wa mkaguzi wa nje. Nafuu yake huonekana upesi, kwa kuwa mtu wa ndani anachukua moja kwa moja nafasi ya mkaguzi wa ngazi ya chini. Kabla ya kuipanga, hakikisha sheria za mahali ulipo zinaruhusu: Uingereza, kwa mfano, inaikataza kabisa. Panaporuhusiwa, kiwango cha 610 kinataka makubaliano mawili ya maandishi. Taasisi inakubali kwamba watumishi hao watafuata maelekezo ya mkaguzi wa nje bila kuingiliwa. Nao wenyewe wanakubali kutunza siri za kazi watakayoelekezwa na kumweleza mkaguzi wa nje jambo lolote linalotishia uhuru wao wa mawazo. Wala hawaruhusiwi kupewa kazi inayohitaji uamuzi mkubwa, au ile waliyoishaifanya na kuitolea taarifa kwa bodi.

Maoni yangu ni kwamba njia hii itumiwe kwa kiasi. Saa 400 za wakaguzi wa ndani katika msimu wa kufunga hesabu ni saa 400 zilizotoka kwenye mpango uliopitishwa na kamati, na kamati iulizwe kwa maandishi ni kaguzi zipi ziko tayari kuahirishwa.

Kuliandika punguzo na kulifuatilia

Mwaka wa kwanza usitarajie mengi. Mkaguzi wa nje atatumia saa kukitathmini kitengo, kusoma majalada ya kaguzi zilizopita na kuhoji watumishi, na saa hizo ni za gharama. Inawezekana pia kitengo kilichoimarishwa kikagundua udhaifu ambao haukujulikana, na mkaguzi wa nje akaongeza vipimo vyake. Asitokee mtu wa kumshauri mkuu wa kitengo acheleweshe hoja hadi ukaguzi wa nje upite ili ada isipande. Ushauri huo ukijulikana, na kwa kawaida hujulikana, uaminifu wa kitengo utakuwa umekwisha, na saa zitakazoongezwa zitakuwa nyingi kuliko zilizokwepwa.

Katika barua ya makubaliano andika punguzo kwa saa na kwa eneo: malipo kutoka saa 120 hadi 30, mishahara kutoka 80 hadi 10, na kadhalika, na uandike masharti ambayo yakivunjwa na upande wenu saa hizo zitarudi. Jihadhari na punguzo la jumla lisilofungamana na saa zozote. Kampuni inayokata asilimia fulani ya ada bila kuonyesha ni kazi gani haitafanya inaweza kuwa inanunua mkataba wa leo kwa nyongeza za kesho, au, jambo baya zaidi, inapunguza kina cha ukaguzi ambao wenye mali na wakopeshaji wanautegemea.

Ukaguzi ukikamilika, omba tena mchanganuo wa saa, uuweke pembeni ya ule wa mwaka uliotangulia, na kwa kila eneo ambalo saa hazikushuka kama ilivyokubaliwa mwombe meneja wa ukaguzi wa nje aeleze kwa maandishi ni karatasi ipi ya kazi hakuitegemea na kwa nini. Majibu hayo yaende kwa mkuu wa kitengo na kwa kamati kwa pamoja, kabla ya ikama ya mwaka unaofuata kujadiliwa. Yakionyesha kwamba tatizo ni mapitio hafifu, nafasi ya kwanza kuombwa iwe ya mwandamizi. Yakionyesha kwamba ni ujuzi wa mifumo, iwe ya mtaalamu wa mifumo. Na yakionyesha kwamba kazi ilikuwa nzuri lakini ilichelewa, basi hakuna nafasi ya kuomba, kuna ratiba ya kurekebisha.